Je, Inafaa Jeshi Linaloitaka Ndege Lijijaribie Lenyewe?

Imetolewa hoja kwamba kikosi cha kujaribu ndege kibaki mikononi mwa jeshi litakaloitumia, kwa kuwa anayeijua vita ndiye anayejua ndege ifanye nini. Kwa sehemu naikubali: mhandisi wa kiwandani hajui uzito wa askari anayeteremka gizani na mizigo yake mgongoni. Ninachokikataa ni kumwachia mwenye haraka ya kununua mamlaka ya kuamua kwamba majaribio yametosha.

Tuitazame V-22 Osprey ya Marekani, inayopaa wima kama helikopta kisha ikainamisha rota zake (mapanga yanayozunguka) mbele na kuruka kama ndege ya kawaida. Usiku wa tarehe 8 Aprili 2000, huko Marana, Arizona, Osprey iliyokuwa katika majaribio ya matumizi, yaani ya kuona kama inafaa kwa kazi ya kijeshi, ilianguka na kuua askari 19 wa Marine, jeshi la Marekani la mapigano ya pwani na nchi kavu, 15 kati yao wakiwa abiria. Ilikuwa ikishuka kwa zaidi ya futi 2,000 kwa dakika huku mwendo wake wa mbele ukiwa mdogo, ilhali kikomo kilikuwa futi 800. Rota moja ikazama katika hewa iliyovurugwa na mzunguko wake yenyewe, ikakosa nguvu ya kuinua, na ndege ikapinduka. Lawama zikawaelekea marubani. Baadaye wakaguzi wa Bunge walionyesha kwamba hali 103 za kushuka zilizopangwa kujaribiwa zilipunguzwa hadi 49, na zilizorushwa ni 33 tu, kwa ajili ya gharama na ratiba. Marubani hao marehemu walilaumiwa kwa kuvuka mpaka ambao waliopaswa kuuchunguza hawakuumaliza.

Najua Marine waliunda kikosi maalumu cha kuijaribu, VMX-22, mwaka 2003, na majaribio mapya ya 2005 yakaikubali ndege hiyo. Kazi ile naiheshimu. Hata hivyo, Novemba 2000 ofisi huru ya majaribio ya silaha katika Wizara ya Ulinzi, iliyoanzishwa na Bunge mwaka 1983, ilikwisha kuandika kwamba ndege haijafaa kwa matumizi. Mwezi haukupita, tarehe 11 Desemba, Osprey nyingine ikaanguka na kuua wanne, safari hii kwa hitilafu ya haidroliki (mfumo unaotumia mgandamizo wa mafuta kuendesha sehemu za ndege) na ya programu ya kompyuta. Ofisi ile ilikuwa na kalamu, haikuwa na uwezo wa kuzuia ndege isiruke.

Basi anayetetea utaratibu wa jeshi kujijaribia ndege anijibu hili: usiku ule wa Marana, nani alikuwa na mamlaka ya kusema kwamba abiria 15 wasipande, bila kuulizwa habari za ratiba?