Padre kwenye kambi ya kipindupindu: apake mafuta kwa glovu au mkono mtupu?

Katekista_wa_Pwani
Tumsifu Yesu Kristo. Paroko ametuagiza tuandike mwongozo wa ukurasa mmoja kabla ya masika: kipindupindu kikiingia vigango vyetu huku Lindi, padre akiitwa kambini afanye nini? Tumekwama kwenye glovu. Wengine wanasema Mpako wa Wagonjwa (sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu) kwa glovu si halali. Wapo pia wanaotaka katekista apake padre akichelewa. Na klorini tunachanganya vipi?

Zamu_ya_Usiku
Milele na milele. Naanza na klorini kwa sababu ndiyo inayoharibiwa sana. Kwa unga wa asilimia 65 hadi 70: ya kunawa mikono ni kijiko kimoja cha chakula, kilichosawazishwa (kama gramu 15), kwa lita 20. Ya sakafu, vitanda na gambuti ni vijiko viwili kwa lita 10. Ya matapishi, kinyesi na maiti ni vijiko viwili kwa lita moja tu. Maji yatangulie ndooni, unga ufuate, koroga, subiri dakika 30, chota yale maji maangavu ya juu. Ndoo iwe ya plastiki yenye mfuniko, ikae kivulini, na ya jana imwagwe. Ndimu msitie kabisa, inatoa hewa ya sumu. Gambuti lenye tope lisuguliwe kwa maji kwanza, kwa kuwa uchafu unaila klorini kabla haijaua kitu.

Sasa glovu. Kipindupindu hakipenyi ngozi, kinapitia mdomoni. Padre aliyevaa glovu moja tangu kitanda cha kwanza hadi cha kumi anasambaza matapishi ya wote, na kwa sababu anajiona amekingwa, hanawi. Bora mkono mtupu unaonawa kila baada ya mgonjwa. Glovu ni ya pale atakapogusa uchafu, na ivuliwe kabla ya kitanda kinachofuata. Aanze na wanaopata nafuu, amalizie na waliozidiwa. Simu na kitabu cha ibada vibaki nje, sala iwe kwenye karatasi moja ndani ya plastiki inayopangusika. Stola (kitambaa cha ibada anachovaa shingoni) iwe nyeupe ya pamba inayochemshika. Ile ya zambarau mtaipata ina mabaka ya klorini.

Kanoni_na_Kawaida
Uhalali usiwasumbue. Kanoni 1000 ya Sheria za Kanisa inasema mhudumu apake kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa pana sababu nzito ya kutumia kifaa. Kwa hiyo kijiti cha pamba kinakubalika wakati wa mlipuko. Kanoni hiyohiyo inaruhusu, penye dharura, kupaka mara moja tu kwenye paji la uso huku maneno yote yakitamkwa. Hakuna haja ya kuhangaika na viganja vyenye sindano ya dripu.

Chupa kubwa ya mafuta isiingie kambini. Loweka pamba kwenye kikopo, kijiti kimoja mgonjwa mmoja, kisirudishwe kikoponi. Vyote vichomwe hukohuko. Mafuta yakimwisha, kanoni 999 inampa padre ruhusa ya kubariki mengine penye dharura, ndani ya adhimisho lenyewe, na si lazima yawe ya mzeituni. Ya mimea yoyote yanafaa, hata ufuta wenu wa Lindi.

Katekista hapaki, wala shemasi (kanoni 1003). Kazi yake ni kumwita padre mapema. Kipindupindu kikali kinaweza kumuua mtu kwa saa chache, kwa hiyo "tumwone mpaka asubuhi" ni kosa. Padre akifika na haijulikani kama mgonjwa amekata roho, ampake (kanoni 1005).

Katekista_wa_Pwani
Na Komunyo kwa anayetapika?

Kanoni_na_Kawaida
Asipewe mpaka kutapika kutulie. Akianza kuhifadhi tumboni maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), kipande kidogo sana kinatosha, ashushie na kijiko cha maji safi. Saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haimbani mgonjwa, wala wanaomuuguza. Hapa katekista mgawa Komunyo anaweza kusaidia, kwa ruhusa ya paroko.

Zamu_ya_Usiku
Padre asisahau kuuliza: "Umekunywa?" Mtu mzima aliyeanza kukaukiwa anahitaji kama lita 2 hadi 4 ndani ya saa nne za kwanza, na ndugu wengi humpa kikombe kimoja wakaacha kwa vile katapika. Wangoje dakika kumi, waendelee polepole. Pakiti za ORS zikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa mtoto.

Mwana_wa_Newala
Mwongozo useme wazi kuwa ni wa kipindupindu. Homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa Julai 2022 inatoka kwa wanyama, kupitia maji na udongo wenye mkojo wao. Chikungunya, iliyotambuliwa kwenye uwanda wetu wa Makonde mwaka 1952–53, inaletwa na mbu, na padre atahitaji chandarua kuliko ndoo. Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa, ni habari nyingine kabisa: bila mafunzo na mavazi kamili asiingie, hata akiitwa na mama yake.

Halafu msiba. Maiti wa kipindupindu aoshwe na timu ya afya, na ubwabwa wa matanga usipikwe na waliomuuguza marehemu. Jumuiya wakubaliane kabla, maana siku ya msiba hakuna anayesikia. Na lile bakuli la maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, likaushwe siku mgonjwa wa kwanza anapotangazwa.