Tupeane uzoefu: kutoa nobu ya gia iliyokuja na gari

Haya watu wangu wa Mombasa wenye magari, hebu tusaidiane. Kila siku naona mtu anauliza nobu ya gia, yaani kile kichwa cha fimbo ya gia unachoshika, inatoka vipi, ngozi ishachunika kwa jua letu hili na jasho la mkono, anataka kuweka nyingine, na jibu analopewa ni "zungusha tu". Jamani si zote za kuzungusha, ndo maana watu wanavunjiwa konsoli (ile plastiki inayozunguka gia) bure. Aliyetoa yake aseme gari gani na ilitokaje.

Naanza mimi. Yangu Corolla ya manual, hii kweli ina uzi, unazungusha kinyume na saa. Lakini ilikuwa imegoma maana uzi mwengine huwa umepakwa gundi, na gundi hiyo dawa yake joto. Nikaiwacha gari juani pale Kisauni mchana kutwa vioo juu, alafu nikaizungushia kitambaa kinene, mkono mmoja umeshika fimbo ya gia chini isipindwe na mwengine unazungusha, ikalia kra ikaachia. Kama haina jua la kutosha dryer ya nywele inafanya kazi hiyohiyo. Praisi tupu usiiguse nayo, utaichana.

— Mie niko Likoni, Premio otomatiki. Hapa ukizungusha unavunja. Chungulia chini ya nobu upande wa mbele, kuna skrubu mbili ndogo za nyota. Weka P, vuta handbreki, ziba tundu zote za konsoli na kitambaa kwanza maana skrubu ikidondoka ndani kuipata ni shughuli. Na kile kitufe cha pembeni kina springi, kishike na dole gumba mpaka itoke yote.

— Naongezea hapo kaka, Mark X ni otomatiki pia lakini ile njia yake ya gia ina kona kona, haina kitufe, na nobu yake ni ya uzi. Nilizungusha tu ikatoka. Kwa hivyo otomatiki zenyewe hazifanani.

— BMW ya manual hapa Changamwe. Haina uzi haina skrubu, imeshindiliwa, inavutwa juu kwa nguvu zote. Fundi alibandua ngozi ya chini kwanza, akaweka fri, akageuza uso kando, maana ikiachia inakuja na ngumi yako mwenyewe mpaka mdomoni. Na kama nobu yako ina taa juu kuna waya, usivute kabla ya kuuchomoa.

— Golf: nobu na ngozi vinatoka pamoja, ndani kuna klempu ya kubana mara moja tu. Nunua mpya kabla hujaikata ile ya zamani.

Shukran sana wote. Kwa wanaotaka kununua, manual za Toyota nyingi uzi ni M12 kwa 1.25 (yaani unene milimita 12, na kutoka jino la uzi hadi jino milimita 1.25), Nissan na Mazda M10 kwa 1.25, Honda M10 kwa 1.5, na hii ya Honda ndo inawachanganya watu kwa sababu ile ya Nissan inaingia kidogo alafu inakwama, ukilazimisha umeua uzi wa fimbo. Enda dukani na ile ya zamani mkononi. Wa Subaru wenye ile ringi ya kuvuta ya rivasi mko wapi, mkiweka nobu ya kununua, si ile iliyokuja na gari, ringi inakaa?