Wajukuu wa Bibi Tatu 🌴

Mama Sudi: Assalam aleykum wote. Tumetoka kliniki ya selimundu. Daktari kasema bandama ya Sudi itolewe. Someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kupiga simu 🙏🏽

Ba'mdogo Hamza: Waleykum salaam. Itolewe?? Mtoto wa miaka 6?

Mama Sudi: Ba'mdogo nimesema mpaka mwisho. Hii mara ya 3 inajaa ghafla. Mwezi wa 3 si mlikuwepo, asubuhi kacheza mpira, adhuhuri midomo imepauka, hawezi kusimama. Damu kupimwa ni 4. Yote imekimbilia kwenye bandama ikakwama humo.

Mama Sudi: Nimefundishwa kuipapasa kila akilala, chini ya mbavu za kushoto. Siku zote vidole 2. Juzi nikahesabu 4, sikusubiri kupambazuke.

Shangazi Mwajuma: Sisi tulichanjwa chale tumboni ikaisha. Alama ninazo hadi leo

Ba'mdogo Hamza: Dada, yako ilikuwa ya malaria 😂 ingenywea hata bila wembe

Rehema nesi: Shikamooni. Bandama inachuja chembe nyekundu zilizochoka na kukamata vijidudu. Chembe za selimundu zimepinda, zinanasa humo. Watoto wengi wa selimundu bandama yao hujisinyalia yenyewe mapema, ya Sudi imegoma. Ikitolewa ugonjwa haujapona, dawa zake anaendelea nazo. Kinachokwisha ni huko kujaa.

Mama Hafsa: Jamani mchango wa kitchen party mwisho Ijumaa

Mama Hafsa: Samahani, si humu 🙈

Shangazi Mwajuma: Na hivyo vijidudu atavikamata nani?

Rehema nesi: Shangazi hapo ndipo penyewe. Ndiyo maana huwa hawapendi kuitoa kwa mtoto chini ya miaka 5. Mama Sudi, chanjo kapata?

Mama Sudi: Za uchanga zote anazo

Rehema nesi: Hazitoshi. Kuna ya nyongeza ya nimonia, na ya homa ya uti wa mgongo. Zichomwe angalau wiki 2 kabla ya upasuaji. Baadaye penisilini asubuhi na jioni, kila siku, hata akiwa mzima anaruka. Na joto likifika 38, hospitali saa hiyohiyo. Sio panado tuone kesho. Asiye na bandama anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache.

Shangazi Mwajuma: Basi likizo aje Handeni apumzike

Mama Sudi: Mwaka huu hapana shangazi, nisamehe. Kutoka kwako mpaka lami ni bodaboda saa nzima, homa ikimkuta usiku je? Na mbu wa huko unawajua.

Shangazi Mwajuma: Haya. Nitakuja mimi. Na chandarua changu

Mama Sudi: 😂 Karibu. Kabla ya upasuaji watamwongeza damu ifike 10. Natafuta watu 2 wa kuchangia, Jumanne.

Ba'mdogo Hamza: Mimi nipo. Naja nimekula

Rehema nesi: Na mimi, zamu yangu inaisha saa 8 mchana

Mama Sudi: Mungu awalipe. Mwenyewe hana habari, anauliza tu bandama yake wataitupa au atapewa aione

Ba'mdogo Hamza: Mwambie nitapitia buchani nimletee ya mbuzi, aishike mpaka achoke