Tupeane uzoefu: Bunny Girl Senpai na wenzetu tuliojifanya hatuwaoni tulipokuwa sekondari

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Wiki iliyopita nilimaliza kuitazama kwa mara ya pili anime (katuni ya Kijapani) iitwayo Rascal Does Not Dream of Bunny Girl Senpai, ile ya vipindi 13 iliyotengenezwa na studio ya CloverWorks na kuonyeshwa Japani kuanzia Oktoba hadi Desemba 2018, na tangu hapo kuna jambo halijanitoka moyoni. Najua wengi huipita kwa sababu ya jina lake na ile picha ya msichana mwenye masikio ya sungura. Mimi pia niliipita kwa muda mrefu, nikidhani ni kichekesho cha kuwafurahisha wavulana, kumbe ndani yake mna hadithi ya mapenzi ya shule iliyoandikwa na mtu anayeujua vizuri uchungu wa umri ule.

Kwa ambao hawajaitazama, kisa kinatokea Fujisawa, mji wa pwani katika mkoa wa Kanagawa, ambako treni ndogo ya Enoden hupita kando ya bahari. Baadhi ya vijana hupatwa na kitu kinachoitwa Maradhi ya Balehe, yaani dhiki ya moyoni inageuka kuwa jambo la ajabu linaloonekana kwa macho. Mai Sakurajima, mwigizaji maarufu aliyesimamisha kazi yake, anaanza kufifia machoni pa watu, mpaka siku moja anaingia maktaba akiwa amevaa vazi la sungura na hakuna anayegeuza shingo isipokuwa Sakuta Azusagawa, kijana ambaye naye amezushiwa kwamba aliwapiga wenzake watatu hadi wakapelekwa hospitali. Hakuna jini wala mchawi katika habari hiyo. Kilichomfuta Mai ni shule nzima kukubaliana, bila yeyote kutamka neno, kwamba huyu tumchukulie kama hayupo. Wajapani huliita jambo hilo kusoma hewa: unang'amua wenzako wanataka nini kabla hawajasema, nawe unafuata.

Wahenga walisema kitanda usicholala hujui kunguni wake, na Sakuta anamwona Mai kwa sababu kitanda hicho alishakilalia. Mdogo wake, Kaede, alionewa na wenzake kwa maneno ya mtandaoni, na maneno hayo yakamtokea mwilini kama majeraha na michubuko. Kaka mtu alipoeleza alichokiona kwa macho yake, hakuaminiwa. Aliyemwamini ni msichana mmoja aitwaye Shoko, aliyekutana naye ufukweni Shichirigahama, na kwa maoni yangu wema wote anaowatendea wengine baadaye unatokana na siku ile alipoaminiwa.

Naanza na kisa changu. Nikiwa kidato cha pili katika shule ya bweni, msichana aliyelala kitanda cha chini yangu alishukiwa kuiba kopo la maziwa ya unga kutoka kwenye tranka ya mwenzetu. Halikuthibitishwa lolote, wala hakuitwa na matroni. Ila kuanzia siku hiyo alipofika kwenye foleni ya maji, waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Kila asubuhi nilimtazama kutoka juu akikunja shuka lake kwa makini, pembe kwa pembe, polepole sana, kama mtu anayetafuta kazi ya kumchelewesha ili asitoke nje. Sikuwahi kumtukana hata mara moja, na kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa mtu mwema kwa sababu hiyo. Lakini pia sikumsemesha kwa muhula mzima, na hadi leo sijui kama maziwa yale aliyachukua kweli.

Basi tupeane uzoefu: nani alikuamini ulipokuwa huonekani, au ni nani uliyeshindwa kumwamini wewe?

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana dada kwa mada hii. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kipindi kilichonigusa ni kile ambacho Kaede, baada ya kujifungia nyumbani kwa miaka miwili, anaandika katika daftari malengo yake, kama vile kupokea simu na kutoka nje, akiyatimiza moja baada ya jingine, huku lengo la kwenda shule likimshinda kila anapovaa sare na kushika njia. Miguu inagoma. Sakuta hamhubirii wala hamkemei. Anampeleka kwanza kutazama panda, kisha usiku huohuo anampeleka shuleni wakati hakuna mwanafunzi hata mmoja, ili apite lango na kuliona darasa bila macho ya watu.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye alifika getini, akasimama, akageuka. Mlinzi ndiye aliyeniambia, kwa sababu mimi daftari la mahudhurio lilinionyesha utoro tu. Niliandika barua mbili za kumwita mzazi. Mama yake alipokuja alinieleza kwamba mtoto huamka saa kumi alfajiri, hujiandaa mwenyewe, na hutapika akilikaribia lango. Nilimwomba aanze kuja Jumamosi, siku ambayo shule ina mafundi na wafagiaji peke yao, nami nikawa namkuta pale tukipanga vitabu vya maktaba. Jumamosi ya tatu aliniuliza kama anaweza kukaa kwenye dawati lake. Alikaa, akalifungua, akalifunga, akasema ameshatosheka, akarudi nyumbani. Ilichukua muhula mzima na wiki kadhaa za uliofuata kabla hajahudhuria juma zima mfululizo.

Jambo linaloniuma ni zile barua mbili. Nilikuwa nimeshamhukumu kabla ya kumuuliza hata swali moja.

Mchangiaji wa pili

Mwalimu umegusa nusu ya habari ya Kaede, nami naomba nigusie nusu ya pili. Baada ya kuonewa alikuwa amepoteza kumbukumbu zake akawa kama mtu mwingine, na zinaporejea, yule Kaede aliyeishi miaka miwili na kaka yake, aliyevaa nguo za panda na kumpenda kwa moyo wote, anatoweka. Kila mtu anafurahi, kwa kuwa kwa wazazi na madaktari mtoto amepona. Sakuta naye anafurahi, ila wakati huohuo amefiwa, na hana kaburi wala mtu wa kumpa pole.

Nyumbani kwetu tulikaa na mtoto wa mama mdogo kwa miaka mitatu, tangu akiwa na miaka minne, wakati wazazi wake walipokuwa katika matatizo makubwa. Walipotengemaa walikuja kumchukua. Ilipikwa pilau, vigelegele vikapigwa, na kwa kweli lilikuwa jambo la heri. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimfunga kamba za viatu na kumpeleka chekechea, aliondoka mezani akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Nilimcheka. Nilikuwa na miaka 15 na nilidhani mwanamume wa miaka 19 hawezi kumlilia mtoto aliyerudi kwao salama. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotazama kipindi cha mwisho cha anime hii, na nilipoona Sakuta akikimbia nje kwenye mvua, nilimpigia kaka simu usiku uleule kumwomba radhi. Aliniambia bado ana kiatu kimoja cha yule mtoto.

Mchangiaji wa tatu

Natofautiana kidogo na wanaoisifu mno kazi hii, ingawa naipenda. Kwanza, Sakuta ana ulimi mchafu, na mizaha yake kuhusu miili ya wasichana si ya kuigwa. Pili, tukio lile la yeye kusimama uwanjani wakati wa mitihani na kupaza sauti kwamba anampenda Mai, wanafunzi wote wakichungulia madirishani, ni zuri kwenye hadithi, lakini mimi nilitetewa hadharani namna hiyo na nikaumia zaidi. Nilikuwa na kigugumizi. Rafiki yangu, kwa nia njema kabisa, alisimama paredi akawaambia wote waache kuniiga. Kuanzia siku hiyo waliokuwa hawajui habari zangu wakazijua.

Aliyenisaidia hakusema kitu. Alikuwa kiongozi wa mjadala darasani, na kila zamu yangu ilipofika alinipa karatasi ya kuandika muhtasari ubaoni, kama vile kazi hiyo ilikuwa yangu tangu zamani. Ndiyo maana napenda zaidi kisa cha Tomoe Koga, yule msichana anayeogopa kutengwa na marafiki zake hata siku zinajirudia ili asiukabili ukweli. Sakuta anakubali kujifanya mpenzi wake hadi muhula uishe, na mzigo wa kusemwa anaubeba yeye. Hapo Koga mwenyewe ndiye aliyeomba asaidiwe hivyo. Rafiki yangu wa paredi hakuniuliza.

Mleta mada

Nimewasoma nyote, na kaka uliyeandika mwisho umenifikirisha kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilikuwa nimepanga kumtafuta yule mwenzangu wa bweni na kumwomba radhi kwenye kundi letu la WhatsApp la wahitimu, mbele ya wote. Nimeliacha wazo hilo.

Yumo kwenye kundi. Niliangalia, naye hajawahi kuandika neno hata moja, na hakuna aliyewahi kumtaja. Jana usiku nilimwandikia yeye peke yake. Nilimweleza mimi ni nani na nililala kitanda gani, kwamba nilimwona kila asubuhi akikunja shuka nami nikanyamaza, na kwamba halazimiki kunijibu. Tiki mbili zimeshakuwa za buluu. Hadi naandika hapa hajajibu.