Muvi ya The Founder: Ray Kroc aliwaibia wale ndugu au walizubaa wenyewe?

mchuuzi_mdogo
Wakuu habari za jioni. Jana nimeimaliza The Founder ya 2016, ile Michael Keaton kacheza kama Ray Kroc wa McDonald's, nimelala na hasira. Yaani jamaa ana miaka 52 anazunguka na mashine za kuchanganyia milkisheki haziuziki, 1954 anafika San Bernardino, California anawakuta ndugu wawili, Dick na Mac, wanauza baga senti 15 na unapewa palepale dirishani, anawabembeleza wamwachie afungue matawi, halafu 1961 anawalipa dola milioni 2.7 na jina la ukoo wao linabaki kwake!! Huu si wizi kweli? Na muvi imesema ukweli au wametia chumvi?

mzee_wa_mahesabu
Mkuu wizi uko wapi, walisaini na hela wakala, milioni moja moja kila mtu baada ya kodi, miaka ile. Tatizo watu mnaangalia baga, angalia pale anapoingia Harry Sonneborn, yule mtu wake wa fedha. Kroc alikuwa anakata asilimia 1.9 ya mauzo ya kila tawi, humo nusu asilimia ni ya wale ndugu, yeye anabaki na 1.4 na bado alipe ofisi, safari na mishahara, sasa hapo unakula nini? Sonneborn akamfungua macho kwamba hela iko kwenye ardhi. 1956 wakaanzisha kampuni ya viwanja pembeni, kampuni inachukua kiwanja na jengo halafu inampangisha mwenye tawi kwa bei ya juu, na mpangaji akileta ujeuri, akianza kuuza vitu vyake, anatolewa. Wale ndugu walishikilia jikoni, kubadili chochote mpaka wamkubalie kwa barua, mwenzao kashika kiwanja. Mchezo uliishia hapo, 1961 ilikuwa kumalizia tu.

binti_pwani
@mzee_wa_mahesabu hesabu zako sawa ila umeruka ile asilimia moja, kwenye muvi waliahidiwa asilimia 1 ya faida milele kwa kushikana mikono tu, bila karatasi, na hawakuona hata senti. Kuna mtu wa ukoo wao aliyedai ahadi ilikuwepo, ila ushahidi ndo hivyo tena, mkono hausainiwi. Na kilichoniuma zaidi, ule mgahawa wao wa kwanza haukuwa kwenye mauzo, wakabaki nao lakini jina wakalazimika kulishusha, wakauita The Big M, Kroc akaenda kufungua McDonald's jirani yao mpaka wakafunga. Biashara gani hiyo, ameshapata kila kitu bado anawafuata mlangoni? Hiyo ni roho mbaya tu, msinipe hesabu.

fundi_mitambo
Kuhusu chumvi: ile ya kuchora jiko kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wafanyakazi wanapita wakijifanya wanakaanga chipsi, hiyo ni kweli kabisa na ndo sehemu tamu kuliko zote. 1948 walifunga mgahawa uliokuwa unawaingizia hela vizuri tu, wakaondoa wahudumu wa kupeleka chakula kwenye magari, wakapunguza menyu, wakaupanga upya kama kiwanda. Akili yote ya ile kitu ni yao. Ila muvi imefupisha ndoa, unaona Kroc anamwacha Ethel anaenda kwa Joan, kumbe katikati alioa mke mwingine, Jane, 1963, na Joan kamuoa 1969. Halafu msidhani matawi yalianza na Kroc, lile la Phoenix ni la 1953 na la Downey mwaka huohuo, jengo la Downey bado lipo na linauza. La Kroc pale Des Plaines, Illinois ni Aprili 1955, na ndilo alilokuja kuliita namba moja 😂

mzee_wa_mahesabu
@binti_pwani kwenye The Big M sibishani na wewe, ile ilikuwa kukomoa. Ila bila yeye wangebaki na vitawi vyao vichache, kila mmoja anapika anavyotaka.

binti_pwani
Wangebaki navyo na wangelala usingizi. Dick mwenyewe alisema hataki makubwa, kuna mtu alimlazimisha atake?

mchuuzi_mdogo
Aisee @fundi_mitambo shukrani, hiyo ya namba moja sikuijua, imeniongezea hasira. Jamani kuna DJ yeyote kaitafsiri hii muvi kwa Kiswahili? Bi mkubwa ana genge lake la chipsi anataka kuiona, na yale maandishi ya chini yanamkimbia.