Waliowahi kwenda kwa miguu kwenye mapango ya nchi kame, tupeane uzoefu

Mtembezi wa Magharibi:
Wakuu, salamu. Niko California. Naomba tusimuliane kuhusu mapango ya jangwani ambayo wapita njia wengi hawayajui. Naanza mimi.

Pango langu ni handaki lililo ndani ya Hifadhi ya Mojave, ambayo iko katikati ya barabara kuu za I-15 na I-40, na wanaokimbilia Las Vegas huipita tu. Ukitoka mji mdogo wa Baker unafuata Kelbaker Road, halafu unaingia barabara ya vumbi ya Aiken Mine. Gari liwe lile lililoinuka. Mbele unaegesha, unatembea kidogo juu ya mawe meusi, unashuka ngazi ya chuma.

Zamani uji wa volkano (lava) ulitiririka hapo. Juu ukaganda, chini ukaendelea kwenda mpaka ukaisha, likabaki handaki tupu. Kuna mahali unainama mpaka magoti yanagusa chini, kisha dari linapanda na unaweza kusimama. Lina matundu, na jua likiwa utosini miale inashuka wima kama nguzo, unaona chembe za vumbi zikipanda ndani yake. Nilikaa pale chini nikashindwa kuondoka.

Sasa kazi ipo hapa: miale inataka saa sita mchana, na saa sita ya Julai huko joto hupita nyuzi 40. Nendeni Oktoba au Machi. Jazeni mafuta kabla, maana ndani ya hifadhi hakuna kituo. Maji yasipungue lita nne kwa mtu, na ramani pakueni mapema kwani simu hazishiki.

Mwana wa Narok:
Mkuu umenikumbusha Suswa, huku Kenya. Na yale ni mahandaki ya lava, kwenye mlima wa volkano ndani ya Bonde la Ufa. Tuliongozwa na kijana wa Kimaasai, na bila mwenyeji hupati hata mlango. Kuna pango ambamo nyani hulala, miamba imelainika na kung'aa kwa kukaliwa miaka na miaka. Maji ni shida kweli, wenyeji hutega mvuke unaotoka ardhini upoe wapate ya kunywa. Kwa hiyo usifike mikono mitupu ukitegemea kuomba. Vaeni barakoa pia, mavi ya popo yana vumbi baya kwa mapafu.

Dada Tochi:
Hapo kwa popo niongeze. Marekani kuna ukungu (kuvu) unaowashambulia, ulionekana mara ya kwanza New York mwaka 2006 na umeua mamilioni. Unabebwa hata na viatu. Ulivyovaa pango moja usiingie navyo pango jingine kabla ya kuvisafisha kwa dawa. Tafadhali sana hili tulizingatie.

Mgeni wa Jangwa:
Nyoka je? Nataka kwenda na watoto.

Mtembezi wa Magharibi:
Wapo, wale wanaotikisa mkia, hasa siku zikianza kupata joto. Waambie watoto wasitie mkono wala mguu pasipoonekana. Kila mmoja awe na taa yake ya kichwa, na wewe beba ya akiba.