Rimoti ya megahezi 433: rilei inagonga yenyewe bila kubonyeza

mwanagenzi_saketi
Habari wakuu. Nataka swichi ya rimoti ya taa moja, bila Arduino (bodi ya kuprogramu). Nina kitumaji cha FS1000A na risiva yake ya XY-MK-5V. Kwenye kitumaji batani iko kati ya 5V na mguu wa DATA. Kwenye risiva, DATA inaingia transista ya BC547 halafu rilei ya 5V. Rilei inagonga-gonga hata nikitoa betri ya kitumaji, na nikishikilia batani haitulii. Moduli mbovu?

waya_mwekundu
Moduli ni nzima mkuu. Risiva hii ikikosa mawimbi hujiongezea usikivu mpaka inatoa makelele matupu, na DATA inapanda na kushuka ovyo. Ndiyo hayo yanayogonga rilei yako. Ukishikilia batani unatuma wimbi lisilobadilika, wakati risiva inapima ishara dhidi ya wastani wake yenyewe. Wastani unalifikia wimbi muda si mrefu, na makelele yanarudi. Moduli hizi zinataka mapigo yenye msimbo.

Nunua IC mbili: HT12E (inaweka msimbo, upande wa kitumaji) na HT12D (inausoma, upande wa risiva), zote miguu 18. Kwa zote mbili mguu wa 9 ni hasi, wa 18 ni chanya. HT12E: resista ya mega-omu 1 kati ya 15 na 16, mguu wa 17 uende DATA ya FS1000A, batani kati ya 14 na hasi. HT12D: kilo-omu 51 kati ya 15 na 16, DATA ya risiva iingie 14. Ukikosa 51, jaribu 47. Miguu 1 hadi 8 ndiyo anwani: unaounganisha na hasi upande mmoja, uunganishe na upande wa pili vilevile, mingine iache wazi. Kitumaji kitumie betri tatu za AA (4.5V). Hakihitaji swichi ya kuzima, kwani HT12E ikiwa imelala haili chochote cha maana.

Jaribu kwanza na LED na kilo-omu 1 kutoka mguu wa 17 wa HT12D (VT, unaopanda msimbo sahihi ukipokelewa) kwenda hasi. Inatakiwa iwake wakati umebonyeza tu. Isipowaka, angalia kama hukubadilishana zile resista mbili. Hilo ndilo kosa la kila mtu.

mwanagenzi_saketi
Asante mkuu, LED inatii. Sasa nifanyeje bonyezo la kwanza liwashe na la pili lizime?

kapasita_100n
CD4013, IC inayogeuza hali kila ikipata pigo. VT iingie mguu wa 3, unganisha 2 na 5, mguu wa 6 hasi, 7 hasi, 14 chanya. Nusu ya pili huitumii, kwa hiyo 8, 9, 10 na 11 zote hasi. Ukiziacha hewani IC inakuwa na vituko. Mguu wa 4 uwekee 100nF kwenda chanya na kilo-omu 100 kwenda hasi, ili umeme ukikatika na kurudi taa ibaki imezimwa. Hapa watu wengi hawajali, mpaka taa iwake yenyewe saa nane usiku.

Mguu wa 1, ambao ndio tokeo, usiupeleke BC547. Rilei hizi za 5V za buluu hula karibu miliampia 71, na 4013 kwa 5V hutoa kama miliampia 1 tu, kwa hiyo transista haifunguki vizuri. Weka 2N7000 (MOSFET, transista inayofunguliwa kwa volti kwenye gate): upande bapa ukikutazama, kushoto ni source, kati gate, kulia drain. BS170 imegeuzwa, usiiweke kwa mazoea. Daiodi 1N4007 juu ya koili, mstari wake upande wa chanya, na kapasita ya 470µF karibu na rilei.

Ukiwa mbali, VT hukatika na kurudi katikati ya bonyezo moja, taa ikawaka na kuzima papo hapo. Usitie kapasita moja kwa moja mguu wa 3, maana 4013 inataka ukingo mkali. Pitisha VT kwenye daiodi ya 1N4148, kisha 1µF na kilo-omu 470 sambamba kwenda hasi, halafu milango miwili ya CD40106 (IC ya milango sita inayonoa ukingo) mfululizo ndipo uingie mguu wa 3. Ingizo za milango minne iliyobaki zipeleke hasi.

waya_mwekundu
Naongezea antena: waya mmoja mgumu wa sentimita 17.3, ulionyooka, kila upande. Kama kikopo cha chuma kwenye kitumaji kimeandikwa R315A, umeuziwa megahezi 315 na haitaongea na risiva ya 433 kamwe. Chaja ya simu ya bei rahisi nayo hupunguza umbali. Linganisha na betri kabla ya kulaumu antena.

fuzi_5A
Kabla hujagusa 230V: bredibodi haifai kabisa kwa umeme wa nyumbani. Rilei iwe kwenye bodi ya kuchomelea, na shaba kati ya upande wa 230V na wa 5V ikwanguliwe ibaki nafasi ya milimita 8. Kata waya wa moto, si nyutro, kwa COM na NO (kontakti ya pamoja ya rilei, na ile iliyo wazi rilei ikiwa imezimwa). Fuzi itangulie, kila kitu ndani ya kasha la plastiki. Na ile 10A iliyoandikwa juu ya rilei ni ya mzigo kama pasi. Pampu ya maji itaunguza kontakti.